Mke na mtoto wanakuja Japani, na chumba kimejaa mashujaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, kwetu ni Tanga. Kwa sasa naishi mkoa wa Kanagawa, Japani, nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Gari likitoka mnadani linafika kwetu, tunalikagua, tunalisafisha, tunalipanga kusubiri meli ya Mombasa au Dar es Salaam. Nimeoa, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano. Wao wako Tanga na mimi huku, na ndivyo tulivyoishi tangu azaliwe, isipokuwa nikienda likizo.

Sasa Mungu amejaalia. Cheti cha uhamiaji cha mke na mtoto kimetoka, na kikishatoka mtu ana miezi 3 tu awe ameshaingia nchini. Wanakuja. Badala ya kulala na furaha nalala na mawazo, na chanzo chake nikikitaja wengine watacheka.

Nakusanya midoli, Shangazi. Ni ya mashujaa wa televisheni ya Kijapani: Kamen Rider, Ultraman, na wale wa Super Sentai ambao sisi tuliwajua kwa jina la Power Rangers. Ninayoipenda zaidi ni ya S.H.Figuarts, inatengenezwa na Bandai tangu 2008. Mmoja ana urefu wa kama sentimita 15, na karibu kila kiungo cha binadamu anacho. Bega linasogea mbele, kiwiko kinakunjika mpaka ngumi iguse bega, kifua na kiuno vinageuka kila kimoja kivyake, hata ncha ya mguu inapinda. Viganja ni vya kubadilisha: ngumi, kiganja wazi, cha kushika upanga. Ultraman anakuja na taa mbili za kifuani, ya bluu na nyekundu, kwa sababu shujaa yule ana dakika 3 tu za kukaa duniani, na nguvu zikiisha taa inageuka nyekundu.

Utotoni tulikuwa tunajazana sebuleni kwa jirani kuangalia Power Rangers. Nilipofika huku ndipo nikajua kwamba mapigano mengi ya ule msimu wa kwanza yalitoka kwenye kipindi cha Kijapani cha 1992, Zyuranger. Wamarekani waliweka waigizaji wao kwenye sehemu zinazoonyesha sura, wakakirusha 1993. Yule wa manjano, ambaye kwetu alikuwa msichana, kwa Wajapani alikuwa kijana wa kiume. Nilicheka peke yangu ndani ya treni, na sikuwa na wa kumhadithia.

Nilianza na mmoja. Baridi ya huku inaingia kwenye mifupa, unaosha magari mpaka vidole havisikii, ukirudi chumbani hakuna wa kukuuliza umekula nini. Nilikuwa namchukua yule Kamen Rider, namtafutia mkao wa lile teke lake. Unavuta nyonga chini kidogo ndipo paja linapanda, unainamisha kifua, unageuza kifundo cha mguu kidogo kidogo mpaka asimame mwenyewe kwa mguu mmoja bila stendi. Akisimama, nami nimeshasahau siku ilivyokuwa. Sasa wamepita mia.

Nina vyumba viwili vya mikeka ya Kijapani, kimoja cha mikeka 6 na kingine cha 4 na nusu. Hicho kidogo ndicho chao. Kuna makabati mawili ya vioo, na lile kabati la ukutani ambamo Wajapani huweka magodoro mchana limejaa maboksi mpaka juu, kwa sababu mdoli ukiuza bila boksi unapoteza sehemu kubwa ya bei. Pazia la chumba kile halifunguliwi, jua linageuza plastiki nyeupe kuwa ya njano. Wakati wa masika ya huku, mwezi wa sita na wa saba, nawasha mashine ya kukausha hewa.

Mke wangu anajua yote, na bei anaijua. Hajawahi kunisema vibaya. Wiki ile cheti kilipotoka aliniuliza swali moja: "Na sisi vitu vyetu tutaweka wapi?" Nikamwambia nitapanga. Hajauliza tena, na ukimya wake naujua maana yake. Yeye ni fundi cherehani, ameshaanza kugawa vyombo, cherehani amemwachia mdogo wake, na wateja pia.

Anayesema ni shemeji, kaka yake mkubwa, mtu wa msikitini. Aliona picha akanipigia. Kwanza aliniambia malaika hawaingii kwenye nyumba yenye masanamu, niwaingizeje mke na mtoto humo. Pili akapiga hesabu: mia mara yeni 7,000, hiyo ni yeni laki saba, zaidi ya milioni kumi za kwetu, na kiwanja changu Tanga kimeota majani. Sikuwa na jibu kwa lolote.

Na mtoto naye akiwaona kwenye simu anapiga kelele. Ameniuliza, "Baba, tukifika utanipa yule mwekundu?" Nikasema tutaona. Yule mwekundu vijiti vya viganja vyake ni vyembamba kuliko kijiti cha kibiriti, na boksi limeandikwa miaka 15 na kuendelea.

Niuze vyote, niwapokee na nyumba nyeupe? Nimepeleka picha kwenye duka moja la mitumba ya aina hii, bei waliyonitajia iliniuma. Nikodi stoo? Rafiki yangu wa yadi anasema nivipakie ndani ya gari linalokwenda Dar. Au nibaki navyo, kwa sababu na mimi ni mtu? Zipo pia oda mbili nilizokwishaweka, moja inafika mwezi wa tano, nyingine wa nane, na duka halikubali kufuta. Nishauri, Shangazi, kabla sijafanya jambo la hasira.

Mkusanyaji, Kanagawa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa cheti. Hapa hakuna anayecheka. Barua yako niliisoma nikiwa na kijana wa jirani anayefuatilia mambo haya, akanionyesha kwenye simu huyo Kamen Rider anavyosimama kwa mguu mmoja, nikabaki nimeshangaa kama mtoto wako.

Niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umeishi peke yako muda mrefu, ukajitengenezea kitu cha kukuliwaza, kitu hicho kikakua mpaka kikapata chumba chake. Sasa wenye nyumba wanakuja. Shemeji ana lake, mtoto ana lake, na wewe umeyakusanya yote pamoja ukaona ni shauri moja, uuze au usiuze. Mimi naona yapo matatu au manne, na kila moja lina dawa yake. Lililo kubwa kuliko yote umelipa mistari michache.

Nianze na mkeo. Unasema ukimya wake unaujua maana yake. Unaujua kweli? Mtu ambaye unamwona kwenye kioo cha simu, aliyekuuliza swali moja ukamjibu "nitapanga"? Nimejaribu kulisoma swali lake kama wewe ulivyolisoma, nikasikia, "Ondoa hayo." Nikalisoma tena kama mwanamke anayefunga mizigo, nikasikia mtu anayetaka kujua aje na nini na aache nini. Huenda ni hilo la kwanza, huenda ni la pili. Huenda amenyamaza kwa kuwa amekasirika, na huenda amenyamaza kwa kuwa mumewe alisema atapanga, naye anasubiri huo mpango.

Halafu ukaandika, kama jambo dogo la njiani, kwamba cherehani amemwachia mdogo wake na wateja pia. Hapo, mwanangu, nilisimama. Wewe unaniuliza kama una haki ya kubaki na kitu chako. Mwenzako cha kwake ameshakitoa, na sijaona kwenye barua kama kuna aliyemuuliza iwapo kuna kona ya kuweka cherehani nyingine huko. Huko aliko si mtu wa kuombaomba, ana mikono inayolisha. Akifika Kanagawa hana lugha, hana wateja, hana mama wa kumpelekea mtoto saa moja. Ile baridi na ule upweke uliotueleza vizuri ulikupata wewe mwenye kazi na wenzako wa yadi. Yeye atakaa nao mchana kutwa ndani ya vyumba viwili, kimoja hakifunguliwi pazia. Sikusemi. Nakuonyesha tu kwamba hesabu ya chumba ina upande ambao haujaandikwa.

Kwa hiyo kabla ya stoo, duka na meli, naona kuna mazungumzo yanakungoja. Usimuulize, "Midoli inakukera?" Atasema haimkeri, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa kumjibu mume. Mtembeze na simu chumba kwa chumba, fungua lile kabati la magodoro, mwonyeshe vipimo, umuulize yeye angepanga vipi. Utasikia mengi kwenye jinsi atakavyopanga. Hili nalo lina hatari yake: ukimkaribisha apange, akapanga kwa namna usiyoipenda, huwezi kumwambia ulikuwa unamjaribu. Kama kuna ambao huwezi kuwaachia hata iweje, wataje mapema.

Tuje kwa shemeji. Mimi si mwanachuoni na hapa sitatoa fatwa, lakini mtu wa pwani huwezi kuishi bila kulisikia suala hili. Hilo la malaika na picha lipo kwenye hadithi, shemeji hakulitunga. Ipo pia hadithi ya Bi. Aisha aliyekuwa na wanasesere wake, akiwemo farasi mwenye mbawa. Mtume alipomuuliza farasi huyo, alimjibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, naye akacheka. Kwa hadithi hiyo wanachuoni wengi wameruhusu vya kuchezea vya watoto, na wengi hao hao wana neno zito juu ya sanamu linalopambwa na kutukuzwa ndani ya nyumba. Katikati hapo wanatofautiana.

Umeiona shida yako ilivyokaa? Kinachochezewa sakafuni, kikatupwa na kukanyagwa, ndicho chenye nafuu kubwa zaidi kwa wanachuoni hao. Kilichofungiwa kwenye kioo chenye taa ndicho kinacholeta maswali. Yaani kinachomtuliza shemeji ndicho kitakachowavunja wale mia, na kinachowalinda wale mia ndicho kinachomtia shemeji wasiwasi. Sishangai kwamba hukuwa na jibu.

Ila swali langu ni hili: wewe mwenyewe moyoni mwako unaonaje? Kama jambo la sanamu lilikuwa linakusumbua kabla ya shemeji kupiga simu, basi tafuta mtu mwenye elimu unayemwamini, mweleze kitu kilivyo na unavyokitumia, na jibu lake ulichukue kwa uzito. Japani ina misikiti, na mtu anayeishi huko atakuelewa haraka kuliko wa kumwelezea kwa picha. Kama halikuwa linakusumbua, na unaumia tu kwa kuwa mkubwa wa ukoo wa mkeo amekuona mdogo, hilo ni la heshima baina ya watu wawili, na kuuza mdoli hakutalimaliza. Atapata jingine. Muulize mkeo pia, yeye mwenyewe, maana wanandoa wengi huishi miaka wakijibu hoja ambazo mwenzao hajawahi kuzitoa.

La hesabu, shemeji ametumia bei ya kununulia kama vile ni ya kuuzia, na wewe mtu wa magari unajua gari linapoteza thamani likishavuka geti. Kijana wangu wa jirani ameniambia kwamba katika hii midoli kampuni hutoa shujaa yule yule upya, amechongwa vizuri zaidi, na yule wa zamani bei yake hushuka. Wale wa oda maalumu, wanaotengenezwa kwa idadi ya waliojiandikisha tu, huweza kupanda, nao wakishatolewa tena wanashuka. Duka linanunua kwa bei ya kulipa kodi yake na faida yake. Hii yote ina maana ukiuza kwa pupa ndani ya hiyo miezi 3, utapata pesa kidogo na majuto mengi, na kile kiwanja bado hakitapata msingi. Ukiuza mmoja mmoja kwa wakusanyaji wenzako utapata zaidi, lakini ni kazi ya kila jioni, ya kupiga picha, kufunga na kupeleka posta, katika jioni zile zile ambazo mtoto atakuwa anakusubiri mlangoni. Kiwanja nacho kizungumzieni peke yake. Je, mlikubaliana kitajengwa lini, au majani yameota kwa sababu nyingine kabisa?

Kuhusu stoo. Najua huko zipo za kukodi kwa mwezi, na zile za makontena ya nje kiangazi zinachemka. Plastiki laini ikikaa kwenye joto na unyevu hutoa jasho la kunata, viungo navyo hulegea au hukwama. Lakini joto si wasiwasi wangu mkubwa. Mwanaume mwenye familia kwenye vyumba viwili, anayelipia chumba kingine mjini na kukipitia jioni baada ya kazi, kwetu kina jina: nyumba ndogo. Cheka, lakini fikiri. Kama mkeo anaijua stoo hiyo, ameiona, na mmekubaliana inakula yeni ngapi kwa mwezi na mpaka lini, inaweza kuwapa muda wa kupumua bila kuamua kwa haraka. Kama ni ya kuficha, hata wasiponata hao wa plastiki, wewe utanata.

Rafiki yako wa yadi ana nia njema, ila wewe unaijua kazi kuliko mimi. Meli zile ambazo magari huingia yakiendeshwa kwa kawaida hazitaki mzigo ndani ya gari, na kilichoachwa ndani wengi hawajakikuta bandarini. Kwa kontena inawezekana, lakini kuna forodha ya kuwaeleza kwa nini maboksi mia ya midoli ni mali binafsi. Na yakifika Tanga yatakaa kwa nani? Kwa mama, juu ya kabati, kwenye joto letu, wajukuu wakiingia na kutoka? Kumbuka pia kwamba watu unaowapenda wote wawili watakuwa huko Japani, na vitu vyako huku. Kuna kichekesho hapo.

Nimeachia mtoto nafasi ya mwisho ya kujadiliwa, ingawa ndiye atakayefika kwanza kwenye kabati. Miaka mitano haijui "tutaona" kuwa ni hapana. Kwake tayari ni ahadi, na Kanagawa yote kwa sasa ni baba na yule mwekundu. Wapo Ultraman wa plastiki laini, wa watoto, wanaouzwa kwenye maduka makubwa ya kawaida kwa bei isiyofika hata robo ya wako. Hawapindi zaidi ya mkono na kiuno, na ukiwatupa ukutani wanarudi wazima. Unaweza kumpokea na mmoja eapoti. Usidhani tu kwamba atadanganyika. Mtoto hutambua upesi kipi ni cha baba na kipi amepewa ili asiguse cha baba. Wapo wazazi walioona ni heri kumtengea mwana mashujaa wawili watatu wa kweli, wasio na thamani kubwa dukani, wakawa wa kuchezea pamoja, baba akiwepo, sakafuni. Kijiti cha kiganja kitavunjika. Jiulize kwa ukweli kitakapovunjika sauti yako itapanda kiasi gani, na kama unaogopa jibu, ni bora kabati liwe na funguo kuliko mtoto awe na hatia. Na funguo si tusi, hata sufuria la moto tunaliweka juu.

Jambo moja si la mjadala: nchi ile inatetemeka. Makabati mawili marefu ya vioo ndani ya chumba atakacholala mtoto yafungwe ukutani, au yasiwe humo. Hilo usilisubirishe mazungumzo yoyote.

Uliniuliza pia, bila kuuliza, kama ni utoto. Boksi lenyewe limeandikwa miaka 15 na kuendelea, aliyelitengeneza alikuwa anamlenga mtu mzima. Kamen Rider alianza 1971, Ultraman 1966, na waliowaangalia wakiwa watoto leo ni wazee. Kijana alinisimulia huyo Rider wa kwanza: Hongo Takeshi, mwanafunzi aliyetekwa na kundi la Shocker, wakambadilisha mwili, akatoroka kabla hawajamfikia ubongo, akabaki mtu ambaye hawezi tena kurudi alivyokuwa. Sikushangaa kwamba mtu wa Tanga aliye peke yake kwenye baridi alimchagua huyo. Walikushika mkono wakati hakukuwa na mtu. Kwa hiyo sioni aibu hapo, wala sioni sababu ya kuwatupa kwa hasira ili kumthibitishia mtu kwamba umekua. Lakini kitu kuwa si cha kitoto hakukipi chumba cha mikeka 4 na nusu moja kwa moja. Ulikuwa unawahitaji mia ulipokuwa mmoja. Mkiwa watatu sijui utawahitaji wangapi, na nadhani hata wewe hujui bado. Ndiyo maana nina wasiwasi na uamuzi wowote wa kabla ya wao kufika ambao hauwezi kurudishwa nyuma, uwe wa kuuza wote au wa kuwaapia hutauza hata mmoja.

Unachoweza kufanya wiki hii bila kujutia ni kidogo: lile kabati la magodoro litoke maboksi, maana watu watatu wanahitaji pa kuweka matandiko yao. Maboksi mengine yanaweza kukunjwa yakalala bapa. Kufanya hivyo kutakuuma, kutapunguza bei, na ukiweza au usipoweza utajifunza kitu kuhusu kama unakusanya ili uwe nao au ili siku moja uwauze. Wale unaowashika kila wiki, watenge. Wale ambao hujawafungua tangu wafike, waangalie vizuri uniambie walinunuliwa jioni ya namna gani.

Na zile oda mbili, kwa kuwa haziwezi kufutwa, mtajie mkeo leo pamoja na bei zake. Mwezi wa tano atakuwa ni yeye aliye nyumbani mchana mleta vifurushi akigonga, na Kijapani chake kitakuwa bado cha salamu tu. Asiwe anasaini kitu asichokijua. Ukizungumza naye, muulize pia kuhusu cherehani: za mitumba huko zipo kwa bei nafuu, na angependa ikae dirisha gani.